Gambuti Juu ya Jiwe

Ndugu zangu, leo sitakwenda mbio. Tutembee polepole mpaka kule milimani, kwenye bwawa la samaki la mama mmoja mjane.

Bwawa lile mumewe alilichimba kwa jembe, akapandikiza perege. Maji aliyavuta mtoni kwa mfereji mwembamba, na pale mfereji ulipoingia bwawani aliweka jiwe bapa. Kila asubuhi alilisukuma jiwe kwa mguu, maji mapya yakaingia, yakitosha, akalirudisha. Ndipo akalisha. Na chakula hakununua. Yeye na mkewe walitwanga dagaa, wakachanganya na pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na funza waliowafuga kwenye ndoo ya mabaki ya jikoni. Wakakanda kwa uji wa muhogo, wakaanika kivulini. Hakuna dawa, hakuna cha kiwandani. Samaki wakanona.

Kisha mume akafa.

Matanga yalipoanuliwa, mjane alichukua gambuti za marehemu, akaziosha, akazisimamisha juu ya lile jiwe, vidole vikielekea majini. Akasema, "Hapa hatasimama mtu mwingine. Na samaki wake hawatafia mikononi mwangu."

Mnaliona kosa? Msione haraka. Yeye hakuliona, nasi tungekuwa yeye tusingeliona.

Kuanzia hapo alitengeneza chakula kingi kuliko zamani. Alitwanga mpaka viganja vikachubuka. Dagaa aliongeza, mashudu aliongeza, na alipokwenda kumwaga alisimama upande wa pili wa bwawa, kwenye migomba, asilisogelee jiwe. Akamwaga beseni zima. Kesho yake, beseni na nusu. Mtu anayelia hupimaje?

Basi alasiri moja, jua limewaka, hakuna upepo, hata majani ya mgomba yametulia, aliona samaki wakiacha bwawa lote. Walikuja kutoka kila pembe, wakakusanyika mbele ya zile gambuti. Wakatoa midomo nje ya maji. Midomo mingi, imebanana, ikifumbuka na kufumba, ikifumbuka na kufumba, bila sauti, kama watu wanaomwitikia msemaji usiyemsikia wewe.

Nywele zilimsimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umekuja?"

Midomo ikafumbuka. Ikafumba.

Unadhani alikimbia? Alikaa chini kwenye nyasi, akalia kwa furaha. Tangu siku ile alikuja kila alasiri kumwangalia mumewe machoni pa samaki. Maji yalikuwa yakigeuka, yakawa kijani kibichi, kisha meusi, yakanuka kama sufuria ya maharage iliyosahaulika. Hakujali. Aliongeza chakula, kwa maana kadiri alivyoongeza ndivyo midomo ilivyozidi kujitokeza. Akaona anapokewa.

Wifi yake, dada wa marehemu, akaja kumjulia hali. Mjane akamshika mkono mpaka bwawani.

"Wifi, usipaze sauti," alinong'ona. "Tazama. Wanamwona."

"Nani anamwona nani?"

"Kaka yako. Huoni wanavyomsalimia?"

Wifi alitazama kwa muda mrefu. Naye mwili ulimsisimka, kwa sababu zile gambuti zilikuwa na umbo la mwenyewe: zimekunjamana kifundoni alipokuwa akikunja mguu, na ya kushoto imelika upande mmoja, alivyokuwa akitembea. Lakini alipiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akanusa.

"Wifi yangu," alisema, "kaka alikuwa akiwala hawa kwa ugali. Wamsalimie kwa lipi?"

"Usinifanyie utani kwenye msiba wangu!"

"Msiba wetu. Na sifanyi utani. Jiwe hili limesukumwa lini mara ya mwisho?"

Mjane akazitazama gambuti.

"Hawamwoni mtu. Wanakata roho. Chakula chako kimelala chini kinaoza, kimemaliza hewa ya majini. Hapa pana maji mapya kidogo yanavuja chini ya jiwe, ndiyo wanayogombania. Ondoa viatu, wifi."

"Nikiviondoa, atakwenda."

Hapo wifi alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka. "Alishakwenda. Si tulimzika wote wawili?"

Samaki mmoja mkubwa akajilaza ubavu mbele yao, tumbo jeupe juu. Halafu wa pili. Mjane akakumbuka alichoapa.

Alizishika gambuti. Zilikuwa nzito, kama zina miguu ndani. Alipoziinamisha yalimwagika maji ya mvua, yamejaa viluwiluwi vya mbu vikichezacheza. Akapanda juu ya jiwe peku. Akalisukuma, likagoma, limeshikwa na ukoka. Akasukuma tena akilia kwa sauti, na wifi akamshika kiuno wakasukuma pamoja. Maji baridi ya mtoni yakaingia kwa kishindo.

Midomo ikaanza kuzama, mmoja mmoja, mpaka ikaisha. Samaki wakatawanyika. Pale mbele ya jiwe pakabaki maji matupu, yanapita.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipoogopa kweli. Maana alitazama, na hapakuwa na mtu. Hapakuwahi kuwa na mtu. Wale aliodhani wanampa salamu za mpenzi wake walikuwa wakimwomba yeye pumzi.

Sasa ni sisi. Yule mama hakukosa upendo. Chakula kilikuwa kizuri, kimetengenezwa kwa mikono iliyochubuka. Lakini aliziba mlango wa maji kwa kumbukumbu, kisha akamimina upendo kwenye bwawa lililofungwa, nao ukaoza. Wako wangapi majumbani mwetu waliotukodolea macho tangu tulipozika, watoto, wake, waume, nasi tukadhani wanalia pamoja nasi, kumbe wanakosa hewa? Mungu hakutukataza kulia. Lakini maji yake hupita palepale alipokuwa akisimama mpendwa wetu, na lazima mtu asimame pale.

Tazameni kona ile. Ngoma ya kwaya imefunikwa kitenge tangu Pasaka. Hakuna aliyeigusa. Mnaimba mkiitazama, na sauti zenu zimekuwa nyembamba kila Jumapili. Mnajua nani alikuwa akiipiga, nami namjua kuliko ninyi nyote, kwa maana nilimlea.

Wimbo unaofuata, mmoja wenu aende akaifunue. Akae kwenye kiti chake. Aipige.