Kwale na Bawabu wa Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto. Hadithi hii huniudhi kila nikiisimulia, lakini nitaisimulia.

Hapo zamani za kale, mwewe aliwanyakua watoto wote wa Kwale. Kwale akalala majanini, hali, hanywi. Kilichomwinua ni sauti ya Chiriku, aliyeimba kila alfajiri juu ya mzambarau. Kwale akasema moyoni, "Lazima nikamshukuru."

Akachukua suke la mtama, akaenda. Chini ya mti alikuwepo Kunguru, aliyejifanya bawabu. Hakuna aliyemweka pale.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Chiriku."

"Wewe wa majanini, una nini cha kumwambia bingwa? Acha mtama, nitamfikishia."

Kwale akainamisha kichwa, akaacha suke, akarudi.

Akaenda mara ya pili na suke jingine.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Chiriku."

"Wewe wa majanini, una nini cha kumwambia bingwa? Acha mtama."

Akaacha, akarudi, amejiona mdogo kuliko mchwa. Hebu niambieni, nani alimpa Kunguru mizani ya kuwapima wenzake?

Kisha alfajiri moja Chiriku hakuimba. Iliyofuata, kimya vilevile. Kwale akaingiwa na hofu, akaenda mara ya tatu, hana mtama. Safari hii aliyaona makapi ya masuke yake miguuni pa Kunguru.

"Wewe wa majanini, una nini..."

"Nina shukrani," Kwale akasema. Kichwa hakukiinamisha. "Hiyo huwezi kuila. Nipishe."

Akaruka hadi tawini, akamkuta Chiriku amejikunyata.

"Hodi, Chiriku. Mimi ni Kwale. Nilifiwa na watoto, na wimbo wako ndio ulioniinua."

Chiriku akamtazama sana. "Kunguru aliniambia hakuna anayenisikiliza. Leo nilikuwa nahama." Kisha akauliza, "Watoto wako waliitwaje, mama?"

Tangu msiba, hakuna aliyemuuliza hilo. Kwale akawataja mmoja mmoja, na wakazungumza mpaka jua likapanda.

Waliposhuka, Kunguru akasema, "Bwana, nilikuwa nakulinda."

"Unilinde na nani? Na wanaonipenda?" akauliza Chiriku. "Ondoka."

Kunguru akaondoka bila kuomba radhi. Na ndege wa majanini wakapanda mzambarau, hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Aliyekasirika, tuko pamoja.