Ziwa la Chumvi la Kisaro na Mbwera

Hapo zamani, kabla mipaka haijachorwa kwa wino, palikuwa na falme mbili kubwa, Kisaro na Mbwera. Kila kiangazi zilipigania ziwa la chumvi lililokuwa kati yao, na falme ndogo zilizozizunguka hazikupata usingizi.

Alianza Kalunde, mwanamke wa Kisaro. Vita vikiwa bado vikali, alijitwika kikapu cha chumvi, akavuka kwenda kuiuza Mbwera, akarudi na majembe ya huko. Akakamatwa, akachapwa, akavuka tena. Mwishowe wanawake wa pande zote wakawa wanavuka, askari wakachoka kuwakamata. Ila baadhi ya majembe yale yalifuliwa yakawa mikuki, na mikuki ile iliua watu wa Mbwera.

Akafuata Msengi, jemadari wa Kisaro. Alipoona soko limekua, alikutana na jemadari wa Mbwera wakachanjana udugu wa damu, kila mmoja akala ini la mbuzi lililopakwa damu ya mwenzake. Hakumwomba mfalme wake ruhusa. Lakini kiapo kilikuwa kimeshaliwa, na vita vikasimama.

Miaka ikapita, uadui ukageuka utani. Mtu wa Kisaro aliweza kuingia nyumba ya Mbwera, akanyakua kuku, na mwenye kuku akacheka.

Kisha mfalme wa Mbwera akafa. Ndugu wa damu wa Msengi naye alikuwa ameshakufa. Mrithi, kijana aliyewashuku Kisaro, akapeleka jeshi ziwani. Kisaro nao wakapeleka lao, Msengi akiwa mbele.

Siku ya mazishi, msichana wa Kisaro aitwaye Nyamizi aliingia kaburini akajilaza, kama watani wafanyavyo.

"Toka, mwizi wa kuku wewe," mrithi akasema.

"Sitoki. Na mmelichimba fupi. Miguu ya mtani wangu itakaa wapi, mgongoni mwako?"

Waombolezaji wakaanza kucheka.

"Unataka nini? Mbuzi?"

"Mbuzi wenu wamekonda kama wewe. Ondoa jeshi lako ziwani. La kwetu limeondoka asubuhi."

Ulikuwa uongo. Lakini mfalme hawezi kuzikwa juu ya mtani, kwa hiyo mrithi akaliita jeshi lake. Kisaro walipoona wenzao wanaondoka, nao wakaondoka.

Wafalme wawili wakakutana, wakakubaliana kwamba ziwa lisiwe la Kisaro wala la Mbwera. Apewe mtu mmoja, yule aliyezipatanisha falme, yeye na ukoo wake daima. Na lisigawanywe, maana kugombea mgawo ndiko kulikoanzisha vita.

Kalunde akasema, "Nisingevuka, msingejuana hata majina. Wenzangu walilima, mimi nilichapwa. Leo sina shamba la kuwaachia wanangu."

"Mama, uliuza na watu wakaendelea kufa," Msengi akasema. "Aliyevisimamisha vita ni mimi."

"Kiapo chako kilizikwa na ndugu yako, mzee," Nyamizi akasema. "Siku ya msiba ulikuwa ziwani na mkuki."

"Nawe binti ulidanganya," Kalunde akamwambia. "Wangetuma mtu kutazama, tungekufa wote."

"Hawakutuma, bibi."

"Bahati yako."

Wafalme wakashindwa kuamua. Chumvi imeganda ukingoni, hakuna anayeruhusiwa kuichota, na mawingu ya mvua yanajikusanya. Basi nyinyi mnaosikiliza, semeni kabla haijayeyuka: je, ziwa lile apewe nani?