Ukumbi wa Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Sijawasikia walioko nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Hii si hadithi ya kucheka.

Zamani hizo, zamani sana, wanyama walikuwa na sala lakini hawakuwa na mahali pa kusalia. Mvua ikinyesha, wanalowa. Jua likiwaka, wanaungua. Fuko akasema, "Mimi nitamchimbia Mungu ukumbi. Ukumbi mkubwa, chini ya ardhi, kando ya mto."

Wanyama wakashangilia. Fuko akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Asubuhi anachimba. Mchana anachimba. Siku ya Bwana, wenzake wametulia wanasali, yeye kwaru, kwaru, kwaru!

Mkewe akamwambia, "Baba Tifu, pumzika basi. Hata kusali husali siku hizi."

"Kazi yangu ndiyo sala yangu, Mama Tifu."

"Hata Bwana Yesu aliwaacha watu wakimtafuta, akaenda faraghani kusali."

"Yeye hakuwa na ukumbi wa kumaliza," akasema Fuko. Akacheka. Akachimba.

Asubuhi moja Mama Tifu alikuwa amekaa mlangoni, kimya, anasali. Moyoni mwake likaja neno, jepesi kama pumzi ya mtoto aliyelala: Ondokeni bondeni. Akangoja. Likaja tena: Ondokeni bondeni.

Akashuka mbio. "Baba Tifu! Mungu anasema tuhame. Leo hii!"

Fuko hakugeuka. "Mungu gani? Huyu ninayemchimbia? Angetaka nihame, angeniambia mimi."

"Angekuambia saa ngapi, mume wangu?"

Kwaru, kwaru, kwaru!

Mama akawabeba watoto wadogo, apande nao kilimani. Tifu, binti yao mkubwa, akataka kumfuata. Baba yake akasema, "Wewe baki. Nani atanitolea udongo?" Mama akasihi. Fuko akakataa. Tifu alikuwa mtoto mtiifu. Akabaki.

Baba anachimba, binti anatoa udongo. Jua likapanda. Tifu akasimama, akatega sikio.

"Baba, nasikia kitu."

"Toa udongo."

"Baba, kinanguruma."

"Ni makucha yangu hayo. Toa udongo, mwanangu. Tumebakiza kidogo tu."

Guuuu! Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, wasikokuona. Mto ukafurika, ukavunja ukuta wa ukumbi.

"Baba!"

Mara moja tu aliita. Maji yakamzoa Fuko, yakambwaga nje kwenye matope. Tifu hakutoka.

Maji yalipopungua, Fuko akarudi kuchimba. Kwaru, kwaru. Makucha yakang'oka, damu ikachanganyika na tope. Akampata mwanawe. Alikuwa bado amekumbatia udongo.

Wakamzika kilimani. Wanyama wakaja, wakalia, wakaenda zao. Fuko akabaki amekaa. Hakuwa na makucha ya kuchimbia, wala hakuwa na pa kukimbilia. Kukawa kimya. Ndipo akasikia sauti, nyepesi, karibu mno.

"Fuko."

"Bwana, mbona hukuniita?"

"Nilikuita kila asubuhi."

"Nilikuwa nakuchimbia ukumbi."

"Sikukuagiza ukumbi. Nilikutaka wewe."

Fuko akaangua kilio. Mkewe akaja, akakaa kando yake. Hakumlaumu. Hakumfariji. Alikaa tu, naye akilia.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Anayemtumikia Mungu bila kutulia amsikie, hupotea, na hupoteza walio wake. Weka kazi chini, hata iliyo njema. Nyamaza, Mungu aseme.

Hadithi yangu inakomea hapo. Nami nanyamaza.