Uwanja Mtupu wa Kaptembwo

Ukumbi wa kanisa mtaani Kaptembwo, magharibi mwa mji wa Nakuru, ulijaa pomoni asubuhi hiyo. Wachuuzi wa mboga, mafundi wa viatu na vibarua waliokosa kazi walibanana kwenye mabenchi, macho yote yakiielekea ramani kubwa iliyobandikwa ukutani. Mbele yake alisimama Daktari Kiprotich, mhadhiri wa upangaji miji, suti imemkaa sawasawa na sauti inamtoka kama ya mhubiri.

Alikuwa na sababu ya kujivuna. Mwana huyu wa wakulima wa mahindi kule Rongai alikuwa amesoma hadi Kanada, na aliporudi hakurudi mikono mitupu. Chuo kikuu chake cha Nakuru na kile alichosomea ughaibuni vilikubaliana kufundisha pamoja somo moja: jinsi ya kupanga miji ili umaskini upungue. Kwa miezi sita wanafunzi wa pande zote mbili walikutana kwenye kompyuta, wakazikodolea macho picha za setilaiti. Katikati ya msongamano wa mabati ya Kaptembwo wakauona uwanja mtupu. Hapo ndipo walipochora soko, ili akina mama waliouza kando ya barabara waepukane na vumbi la malori.

Profesa Travis, mkuu wa mradi upande wa Kanada, alikuwa amekuja kujionea. Alikaa mbele kabisa, kalamu mkononi, Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji.

Milcah Nerima, mama wa makamo aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, karibu na stendi ya bodaboda, akasimama.

"Daktari, soko tunalitaka. Lakini si hapo. Hiyo ardhi inakula."

"Inakula nini, mama?"

"Chochote. Wakati wa mvua ya mwaka juzi ilikula choo cha Mzee Sitati, chote, pamoja na mlango wake. Hebu fikiria. Watu tumebanana hivi kama viberiti, halafu tuache uwanja bure tu?"

Ukumbi mzima ukaguna kuafiki. Kiprotich alihisi uso ukimchoma. Miezi sita ya kazi ivunjwe na hadithi ya choo? Profesa Travis akamwinamia na kumuuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Kiprotich alisita. Kisha akamnong'oneza, "Anatushukuru."

Profesa akatabasamu, akainua mkono kumpungia Milcah. Naye Milcah akapunga vilevile, akidhani amesikika, akaketi.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, vibanda ishirini vya mbao vilikuwa vimesimama uwanjani, vinanukia rangi mpya. Kisha masika yakaingia kwa kishindo. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne kukapambazuka shwari, na kwa kuwa soko lilikuwa lifunguliwe adhuhuri, Kiprotich alifika mapema pamoja na mwanafunzi wake Levis kutundika mapambo.

"Dokta, hapa chini pamelegea," Levis akasema.

"Ni tope tu. Lete ngazi."

Kiprotich hakupiga hata hatua tatu. Ardhi ilitoa mlio kama wa gunia linalopasuka. Kibanda cha kwanza kikainama, cha pili kikakifuata, na kufumba na kufumbua Kiprotich alikuwa amezama hadi kifuani ndani ya ufa, udongo ukimomonyoka chini ya viatu vyake. Levis akapiga mayowe hadi sauti ikamkauka, kisha akataka kumkimbilia.

"Usikanyage hapo!"

Alikuwa Milcah, anakuja mbio na majirani zake, wamebeba milango waliyoing'oa nyumbani kwao. Hawakuulizana la kufanya. Walilaza mlango mmoja juu ya udongo, wakausukuma mwingine mbele yake. Milcah akalala kifudifudi, akajikokota hadi ukingoni na kurusha leso yake ya kujifunga kiunoni, ameisokota kama kamba.

"Jifunge kiunoni, mwanangu. Usirushe miguu. Ukishindana nayo itakumeza."

Walimvuta polepole, shibiri kwa shibiri, hadi akatoka, kiatu kimoja kimebaki chini. Nyuma yake vibanda sita vilikuwa vimetoweka.

Profesa Travis alimkuta chumbani kwa Milcah, amefunikwa blanketi, kikombe cha chai mikononi. "Watu hawa walijuaje la kufanya?" akauliza. "Na kama walijua, mbona hawakutuambia?"

Kiprotich akaweka kikombe chini. Angeweza kusingizia mvua. Akamtazama Milcah, tope limemganda hadi nyusi, naye akashindwa.

"Walituambia," akasema. "Siku ile ukumbini mama huyu hakutushukuru. Alituonya. Nilikudanganya." Kisha akamgeukia Milcah, akamweleza kwa Kiswahili neno alilompa mgeni badala ya lake. "Nisamehe, mama."

Milcah akajipangusa tope usoni. "Kumbe nilikuwa napungia hewa," akasema. Akainua birika. "Lete hicho kikombe, chai imepoa."

Profesa hakulala bila kuandika barua kwa vyuo vyote viwili. Mradi ulisimamishwa mwaka mzima, na Kiprotich akavuliwa uongozi wake. Hakulalamika. Alipangisha chumba jirani na kwa Milcah, akakaa humo muhula mzima. Alipanga foleni ya maji na mitungi yake. Aliujua uchochoro unaogeuka mto mvua ikinyesha. Aliona pia kwamba vibarua wanaorudi kwa miguu kutoka viwandani hununua mboga pale tu wanapopita. Hawakati kona hata ya hatua ishirini.

Soko jipya lilichorwa likiwa refu na jembamba, likiambaa na njia hiyo ya vibarua. Wanafunzi wa Kanada waliuliza maswali kwa simu, Milcah akajibu, na Kiprotich akatafsiri kila neno, hata pale alipoitwa kichwa kigumu. Na kila kundi jipya lilipoingia darasani kwake, kabla ya kuwafungulia picha za setilaiti, aliwaambia aliyojifunza akiwa shimoni: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.