Homa ya Shomari

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, mmelala? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mko nami. Hapo zamani, kale ya mababu wa mababu, tumbili walikaa msituni kando ya shamba la minazi. Tumbili ni watu wa kelele, lakini kelele zao zina maana. Mlinzi akilia "Kwa! Kwa! Kwa!", huyo ni chui: panda juu, panda hadi matawi membamba. Akilia "Hruu! Hruu!", huyo ni tai: shuka, jifiche kichakani. Mlinzi analia, kundi linakimbia. Hakuna anayeuliza.

Mlinzi alikuwa Shomari. Mkewe Mwanahawa, mtoto wao Siwatu.

Shomari alikuwa na jicho, wacha! Panya akitikisa sharubu, Shomari kamwona. Basi siku moja mgema akaacha kibuyu cha pombe juu ya mnazi. Shomari akapiga funda moja. Akapiga jingine. Tamu! Kesho akarudi. Kesho kutwa akarudi. Ikawa jua halichomozi bila kibuyu.

Mwanahawa akaona. Macho mekundu, mikono inatetemeka, mkia unaning'inia kama kamba ya ndoo. Alisema? Hakusema. Aliona haya, jamani. Mke wa mlinzi ndiye anayepishwa kwenye tunda, ndiye anayetolewa chawa kwanza. Akaanza kuficha. Akamtafunisha mumewe majani ya mkwaju, harufu itoke. Bi Kirembwe, mkubwa wa kundi, akamwuliza:

"Mwanangu, mbona mumeo ana macho mekundu?"

"Homa tu, bibi."

"Homa gani haiishi?"

"Itaisha, bibi. Mzima huyo."

Tangu hapo Mwanahawa hakutulia. Panda, shuka. Panda, shuka. Kwaru, kwaru, kwaru! Ananyonyesha, jicho kwa mume. Anachuma kwaju, jicho kwa mume. Akiyumba, moyo paa! Akinyamaza, moyo paa! Jirani yake Mkejina, mama wa kichanga kimoja, akamcheka:

"Shoga, una siafu mwilini? Kaa tule!"

"Nakaa, shoga."

Hakukaa.

Siku ya siku, nyasi zikatikisika. Chaka, chaka. Mwanahawa, kwa kule kutotulia kwake, akaona kabla ya wote. Madoa. Chui! Akafumbua mdomo. Kisha akawaza: nikilia mimi, watauliza mlinzi yuko wapi. Watajua. Akafumba. Akamtazama mumewe. Ona basi, baba Siwatu, ona!

Shomari akaona. Naam, aliona kitu. Kitu kiko chini, mara kiko juu, dunia nzima inazunguka. Akalia kwa nguvu zake zote:

"Hruu! Hruu! Hruu!"

Tai! Kundi likaporomoka, puu, puu, puu, moja kwa moja kichakani. Siwatu naye akaruka, maana ile ni sauti ya babake. Mwanahawa akamdaka mkia.

"Hapana! Kaa hapa!"

Ndipo akapiga kelele: "Kwa! Kwa! Kwa!" Kelele ya nini tena? Wenzake wamekwisha fika chini. Chui aliruka mara moja tu. Akaondoka na mtoto wa Mkejina mdomoni.

Shomari akateremka akiyumba, akalia, akaapa, akasema jua lilimpiga machoni. Hakuna aliyemsikiliza. Mkejina alisimama chini ya mti, mikono mitupu, anatazama juu. Juu ya tawi walikuwepo wawili tu, Mwanahawa na mwanawe, wazima, hawana hata mkwaruzo.

"Shoga," Mkejina akasema, "tuliambiwa tushuke. Sote tumeshuka. Wewe ulijuaje usishuke?"

Mwanahawa akamvuta Siwatu kifuani. Akamgeuzia Mkejina mgongo.

Basi wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mnasinzia, sikieni. Ulevi haumli mlevi peke yake. Humla na jirani asiyejua hata harufu yake. Na anayemfichia mlevi kwa kuona haya, amekunywa naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua, tena mara nyingine ni kifo cha mtoto wa mwenzake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye la kusema nyumbani kwake, akaseme.