Oveni Iliyototoa Vifaranga

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, ni hizi za watu kununua vitu kwa simu na kuletewa hadi mlangoni, paliondokea mama mmoja huko milimani Taita, jina lake Wakesho. Alikuwa mjane, mwoka mikate. Aliioka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu, moshi machoni. Watoto wake walikula kwa mikate hiyo, walivaa kwa mikate hiyo, walisoma kwa mikate hiyo.

Siku moja akasema, "Macho yangu yamechoka na moshi. Nitanunua oveni ya stima." Akadunduliza, akadunduliza, mpaka akaweza. Akaagiza kwa duka moja la mjini, duka la bwana mmoja aitwaye Nyambu.

Lori likaja, likashusha boksi kubwa lenye jina la Wakesho, likaenda zake. Wakesho akalifungua. Ndani mlikuwa na kitu kama kabati la bati. Kina mlango wa kioo, kina taa, kina trei zenye matundu. Hakuwahi kumiliki oveni maishani mwake. Akasema, "Ndiyo hii."

Akakanda unga, akaupanga kwenye trei, akawasha stima. Taa ikawaka. Feni ikavuma. Akangoja. Unga ukaumuka, ukajaa, ukapendeza, lakini haukuiva. Akangoja tena. Haukuiva. Kisha trei zikaanza kuinama zenyewe, polepole, upande huu, zikatulia, zikainamia upande wa pili, na unga wote ukateleza ukaanguka chini.

Wakesho akasimama, mikono kichwani. "Oveni gani hii? Inapasha moto lakini haichomi. Inageuza lakini haiivishi. Ni mbovu yenyewe, au ni mimi nisiyejua?"

Akamwita wifi yake Mghoi, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi ng'ambo ya ua na kufuga kuku. Mghoi akachungulia kwenye kioo, akacheka hadi akakaa chini.

"Wifi yangu, hii si oveni! Hii ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Niliiona kwenye maonyesho ya wakulima. Mikate yako umetaka kuiatamia!"

Wakesho hakucheka. Akapiga simu dukani. "Mmeniletea kitu kisicho changu. Njooni mkichukue, mniletee changu."

Msichana wa dukani akajibu, "Pole, mama. Kaa nayo, tutakuja."

Hawakuja. Akapiga tena. "Kaa nayo, mama, tutakuja." Hawakuja. Wakesho akaifunika mashine kwa shuka, akarudi kwenye sufuria na moshi wake. Watoto wakiikaribia anawafukuza. "Si yetu hiyo!"

Basi asubuhi moja akamwona Mghoi anakuja mbio, kanga ameikunja mbele, analia. Nguchiro alikuwa ameingia bandani na kuwaua makoo wote waliokuwa wakiatamia. Hakubaki hata mmoja. Kwenye kanga mlikuwa na mayai, bado yana joto la mama zao.

"Washa ile mashine, wifi! Haya ndiyo yote niliyobaki nayo!"

"Mghoi, mashine si yangu."

"Si yako, lakini imekaa bure! Mayai yanapoa, wifi. Yaguse. Yaguse uone."

Wakesho akayagusa. Akashika simu, akapiga dukani, akamweleza yule msichana kila kitu: mashine, nguchiro, mayai. Msichana alikuwa na wateja mbele yake, wanagombana. Akasema, "Mama, mimi hata sijui nikwambie nini. Fanya utakavyo." Simu ikakatika.

Fanya utakavyo! Wakesho akakaa na neno hilo mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo asijue ni wa mlango upi. Ni ruhusa hiyo, au ni kuchoshwa? Lakini mayai yalikuwa yanapoa. Akavuta shuka, akawasha.

"Wakitoka itakuwaje?" akauliza.

"Watoke kwanza," akasema Mghoi. "Tutaongea."

Tangu siku hiyo Wakesho akageuka koo anayeatamia. Stima ikikatika, na huko milimani hukatika sana, anazungushia mashine mablanketi na kupanga chupa za maji ya moto. Mvua ikinyesha yuko hapo. Jua likiwaka yuko hapo. Sokoni haendi. Wateja wake wakangoja mikate, wakachoka, wakahamia kwa mwoka mwingine. Mghoi alikuja kila siku kuyatazama mayai yake, akashukuru, akarudi kwenye shamba lake. Na Wakesho, akiketi pale, alijiuliza: "Hivi namlindia nani? Mashine ya mtu nisiyemjua, mayai ya wifi yangu, na mikate yangu imekufa."

Majuma yakapita. Siku ambayo mayai yalianza kupasuka, Mghoi naye yupo kuyatazama, ndiyo siku lori liliporudi.

Aliteremka Nyambu mwenyewe, mwenye duka, kofia mkononi. Nyuma yake akateremka mwanamume mwembamba aitwaye Mwadime, mtu wa Mwatate. Na juu ya lori palikuwa na boksi, limefungwa kamba, halijafunguliwa.

"Dada," Mwadime akamwambia Wakesho, "oveni yako ililetwa kwangu. Niliona picha ubavuni mwa boksi, nikajua si yangu. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa nisiguse. Sikugusa. Hata kamba sikuilegeza. Sasa naomba mashine yangu."

Wakesho akaona uso wake unawaka kwa aibu. Mwenzake hakulegeza hata kamba. Akasogea pembeni kumpisha. Mwadime akaingia, akaona taa inawaka, akaona mayai.

"Nilikuwa na mayai pia," akasema. "Nilikopa kwa shemeji yangu, mayai ya kuku wa mbegu nzuri, nikiingoja mashine. Mashine haikuja. Yakaoza, nikayazika. Na kumbe mashine yangu ilikuwa huku, inawatotolea wengine."

Akainama kuzima stima ili aichukue. Hapo sauti ndogo ikatoka ndani. Chwi. Mkono wake ukasimama hewani. Chwi, chwi. Mwadime akapiga magoti, akatazama kwenye kioo, akageuka kwa hofu.

"Maji uliweka wapi?"

"Maji?" Wakesho akashangaa. "Maji ya nini?"

"Humu ndani mnatakiwa kuwa na maji! Hewa ni kavu. Wanakwama kwenye maganda, watafia humo!"

Hakungoja jibu. Akavua shati lake, akalichovya katika maji ya moto yaliyokuwa jikoni, akalikamua, akafungua mlango nusu na kulitandaza chini ya trei. Wote wanne wakachutama sakafuni, wenye mali na wasio na mali. Maganda yakaanza kulainika. Akatoka mmoja, kalowa, kichwa kizito. Akatoka mwingine. Wakatoka wengi. Kwa muda ule hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Lakini vifaranga walipokauka na kuwa kama pamba, Mghoi akatandika kanga yake apate kuwachukua, na Mwadime akasema, "Ngoja, dada. Unawapeleka wapi?"

"Kwangu. Mayai ni yangu. Aliyewahi kuona yai likigeuka mali ya kabati ni nani?"

"Kabati ni langu," akasema Mwadime. "Nililinunua, nikalingoja, mayai yangu yakaoza kwa kulikosa. Joto lililowatoa hawa ni joto langu. Na leo nisingelowesha shati, mngekuwa mnafukua shimo."

Nyambu akasema, "Kosa ni la duka langu, sikatai, na oveni nimeileta. Lakini yule msichana hakuwa na haki ya kusema 'fanya utakavyo'. Mashine ilikwisha kulipiwa. Mtu hutoaje ruhusa juu ya kitu cha mwenzake?"

Ndipo Wakesho naye akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Na mimi je? Nilisema kitu si changu, nikapiga simu, mkaniacha nacho. Stima ni yangu. Mablanketi ni yangu. Wateja walionikimbia walikuwa wangu. Hawa ningewaacha siku moja tu, msingekuwa na cha kugombania."

Alipokuwa akisema Mghoi, Wakesho aliona ni kweli. Alipokuwa akisema Mwadime, aliona ni kweli. Na aliposema yeye mwenyewe, hayo nayo aliyaona kweli, na kichwa kikazidi kumzunguka. Akasema, "Basi tuwagawane."

Wote wawili wakakataa. Mghoi akasema mtu hagawani chake na mgeni. Mwadime akasema hasara yake hakugawana na mtu yeyote.

"Haya, nyumba ni yako," Nyambu akamwambia Wakesho. "Sema wewe. Utakalosema tutalifuata."

Wakamtazama. Mghoi na kanga yake chini. Mwadime kifua wazi, baridi inamtetemesha. Vifaranga wanalia wanataka kula. Wakesho akafungua kinywa, akakifumba, akakifungua tena, na neno halikuja.

Basi nami siwezi kumsemea. Mkopesheni neno nyinyi mnaonisikiliza, na msimwambie awagawe, maana hilo limekataliwa. Mmoja alitoa mayai. Mmoja mashine ni yake, na shati lake ndilo lililookoa. Mmoja aliwalinda siku zote kwa kitu alichokwisha kusema si chake. Je, vifaranga ni wa nani?