Zimwi Lililotaka Mji Mkubwa

Paukwa! Haya, sogeeni. Palikuwa na miji miwili, Ndarama na Kisiwe, na mto katikati. Kila asubuhi Bi Mwanaiki, mpiga mbiu wa Ndarama, alipanda ukutani akatamba, "Mji mkubwa ni wetu!" Ng'ambo nao wakamjibu vivyo hivyo.

Siku moja zimwi likaibuka mtoni. "Mji mkubwa ni upi? Huo ndio nitakaoumeza."

Mwanaiki akaonyesha ng'ambo. "Ni Kisiwe, bwana. Sisi tuna vibanda tu."

Likavuka. Kisiwe wakaapa, "Ni Ndarama!"

Likavuka mara ya pili, likavuka mara ya tatu, hata likachoka, likaenda zake na njaa yake.

Kesho yake Mwanaiki akapanda tena ukutani, akapuliza mbiu. "Enyi Kisiwe! Kwa udogo hamtuwezi!"